Jikoni kwa Anjela

Idodi, 17 Novemba 2024

Mwanangu Lea,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko uliko umeitika, maana mama yako hakukulea vibaya. Kamwene, kwa salamu ya kwetu. Sisi huku hatujambo, ukiacha joto, ambalo limetangulia mvua na limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Wifi yangu, mama yako, alipita hapa akitoka Madibira, ameniletea mchele mpya na amenenepa. Mwambie nimesema.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Masikio yangu unayajua. Nikipiga lazima niweke spika, na nikiweka spika Idodi yote inanyamaza isikilize, halafu kesho yake dukani wananijibu maswali niliyokuuliza wewe. Barua haina spika. Hii nimempa Jofrey, yule konda wa basi, ataikabidhi stendi Iringa kwa watu wa basi la Mbeya. Ukikuta bahasha imefunguliwa uniambie.

Sasa jambo lenyewe. Wamekuja watu na gari jeupe, wakaenda kule kwenye mahame yetu, tulikokaa zamani, wakajipanga mstari na kutembea wameinama, utadhani wamepoteza sindano. Wanaokota vigae, Lea. Vigae vya vyungu vilivyovunjika kabla mimi sijazaliwa wanavitia kwenye mifuko ya nailoni na kuvipa namba. Wanachomeka vibendera. Mwenyekiti wa kijiji anasema kuna kampuni itaweka umeme wa jua, sola zitatandazwa kuanzia barabara ya hifadhini mpaka korongoni, na eti sheria inataka kwanza waje watu wa mambo ya kale waangalie kama ardhini kuna kitu. Hebu fikiri. Mtu anataka jua, jua liko juu, yeye anatafuta chini. Wazee walituambia Mjerumani alipokimbia alifukia mali zake, na kila aliyekuja kuzitafuta alikuja hivi hivi, na kifaa mkononi na maneno matamu. Kuna mahali walifukua kaburi la mzee wa watu wakaiacha mifupa juani.

Hayo ningeyameza. Lakini kiongozi wao, dada mmoja mpole wa miwani anayeitwa Mercy, alikuja mpaka nyumbani, akaniamkia vizuri, kisha akasema, "Mama, eti Jikoni kwa Anjela ni upande gani?"

Nilikaa chini. Kijiji kizima wanapaita mahame, basi. Lile jiwe lenye vishimo, alikosagia ulezi mama yangu, kuliita Jikoni kwa Anjela ni maneno yangu na baba yako. Mama alifariki akimzaa yeye, akazikwa kando ya jiwe lake, na mwaka uliofuata serikali ikatuhamishia huku kijijini. Baba yako Rabson alipopata akili nilimpeleka nikamwonyesha: hapa ndipo jikoni kwa mama yako. Hatukumwambia mtu mwingine. Sasa Rabson naye Mungu amemchukua. Amebaki nani? Yule dada nilimjibu sijui. Wewe nijibu: nani amewapa jina hilo?

Shangazi yako,
Faustina


Mbeya, 9 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika haijafunguliwa, ila ina alama ya kikombe cha chai, nadhani ni ya Jofrey. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Huku mvua imeanza kwa hasira na baridi imerudi. Mama Atuganile, mwenye nyumba wangu, anakusalimu. Anasema kwa jinsi anavyokusikia kupitia kwangu, nyie wawili mkikutana lazima mmoja anyamaze. Kazi inaendelea, ni ileile ya ofisini, kukaa mbele ya kompyuta na kuchora ramani.

Kuhusu wale watu, naomba usiwe na wasiwasi. Hawatafuti mali ya Mjerumani. Kazi yao ni kuandika kila alama ya watu wa zamani, mahame, mawe ya kusagia, makaburi, ili kampuni ikija na mitambo izungushie uzio na isiguse. Vigae wanaviokota kwa sababu vinaonyesha watu waliishi wapi, na kila kimoja wanapima kilipolala kabla ya kukiinua. Lakini wanaandika wanachokiona tu. Kisichoonekana hakiandikwi, na kisichoandikwa katapila halikijui.

Kwa hiyo ninakuomba sana, kaburi la bibi lipaliliwe. Mawe yaonekane vizuri, na kile chungu chake mlichokitoboa kitako na kukifudikiza juu siku ya maziko kibaki palepale. Watarudi katikati ya Januari kuupita upande wa korongoni. Likiwa safi wataliona tu.

Kuhusu jina, sijui niseme nini. Majina husafiri, Shangazi.

Nisalimie wote. Mimi binti yako,
Lea


Idodi, 5 Januari 2025

Mwanangu Lea,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako niliipata Noeli, nikaisoma baada ya misa, nikala, nikaisoma tena. Huku mvua ni nzuri, Mungu asifiwe. Mmoja wa wale mapacha amekufa, aliyebaki ana kiburi cha wawili. Mwambie huyo Mama Atuganile kwamba atakayenyamaza ni yeye.

Umenijibu yote isipokuwa nililokuuliza. Majina husafiri, unasema. Kwa basi gani? Mimi ndiye niliyekuogesha ukiwa mchanga, nikakufundisha kusuka nywele, na ukisema uongo nakujua hata kwa mwandiko. Herufi zako zinalala.

Na kuna hili. Uliniandikia Desemba kwamba watarudi katikati ya Januari. Mwenyekiti ametangaza habari hiyo juzi, akasema yeye mwenyewe ameipata siku hiyo hiyo. Wewe uliko Mbeya uliipataje? Unamjua yule Mercy? Unajua habari za vigae, unajua habari za katapila. Mchora ramani gani anajua hayo yote na hajui jina limesafiri na nani?

Ukitaka kucheka, cheka hili. Tangu wasikie kwamba penye kaburi panaandikwa na huenda kuna fidia, watu wa hapa wamefiwa kwa mpigo. Kila shamba lina marundo ya mawe. Sosthenes, ambaye ukoo wake wote umezikwa Igowole na kila mtu anajua alikuja hapa na baiskeli, sasa ana babu watatu upande wa korongo. Mmoja amemwekea msalaba wa mbao za kreti ya soda. Nilimpa pole ya msiba. Akaipokea!

Unahangaikia hali ya kaburi la bibi yako. Makaburi hayana hali, mwanangu. Lipo. Nimehakikisha hakuna jicho litakaloliona, liwe la Mercy au la huyo aliyemtuma. Mwaka huu nimelima mahame. Kunde zimeota vizuri mno, huoni hata udongo.

Shangazi yako ambaye bado anangoja jibu,
Faustina


Mbeya, 11 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Sijapata barua yako yoyote tangu ile ya Novemba. Nimekupigia simu, ukapokea, ukaniuliza kama Mbeya kuna mvua, ukakata. Mama naye anasema ulipita Madibira kumsalimia na hukutaja chochote. Kwa hiyo naandika kila kitu, kwa kuwa kimya chetu kimeshatuumiza.

Ofisi ninayofanyia kazi ndiyo iliyomtuma Mercy na wenzake. Ramani waliyokuja nayo nimeichora mimi. Jina la Jikoni kwa Anjela nimeliandika mimi, kama baba alivyoniambia, na nikaweka alama ya kaburi kando yake ili wasilipite. Nilikuficha. Ofisi hairuhusu mtu kushika kazi ya ardhi ya ukoo wake, na kama ingejulikana wangenitoa. Nani tena angelisemea kaburi la bibi? Nikaogopa kukwambia, unisamehe, kwa sababu ya spika.

Sasa wamerudi. Jiwe la kusagia wameliona, wameliandika. Kaburi hawakuliona. Wamekuta shamba la kunde na kigae kimoja juu ya udongo. Hakuna mawe, hakuna chungu. Mercy aliniita akafungua ramani mbele yangu. "Lea, hapa umeandika kaburi, na pembeni umeandika bibi. Bibi wa nani?" Nikamwambia ni wangu. Nimesimamishwa kazi. Wanaona nimetunga kaburi ili ndugu zangu walipwe fidia, kama wale wote wanaorundika mawe huko. Alama yangu imefutwa. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, greda linaanza kusawazisha, na pale ramani inaonyesha shamba tupu.

Shangazi, mawe yako wapi? Nimesikia wenye mashamba wanaandikishwa waiuzie kampuni. Nimesikia shamba lenye kaburi linachelewa, lisilo na kitu linapita haraka. Sitaki kufikiri ninachofikiri. Umeliuza shamba? Umeondoa kaburi ili lipite?

Nisipokuuliza nitaendelea kukuchukia bila kujua, ndiyo maana nimeuliza.

Lea


Idodi, 2 Machi 2025

Lea,

Leo sikusalimii.

Barua yangu ya Januari Jofrey aliisahau kwenye koti, na koti alilisahau kwa mchumba wake Pawaga. Ameniapia kwa jina la mama yake kwamba sasa ameipandisha basi la Mbeya. Zitakufikia pamoja. Anza na ile, kisha rudi kwa hii.

Nimeuza? Siku tulipohamishwa kutoka kule mimi ndiye niliyembeba baba yako mgongoni. Nilikuwa mtoto ninayebeba mtoto. Baba alitangulia na godoro na kuku, mimi nikabaki nyuma nikigeuka kutazama chungu cha mama juu ya udongo ambao haujaota hata nyasi, mpaka wakaniita kwa ukali. Kila mwaka tangu wakati huo nimekwenda kupafagia. Wewe umekwenda mara ngapi? Halafu uniulize nimeuza!

Nitakwambia nilichofanya, na ningefanya tena. Mtu mgeni alipotaja jina la ndani, nilijua mwizi ana mtu wa ndani. Nani asingejua hivyo? Nilikwenda mchana kweupe na jembe begani, kama mtu anayelima. Mawe nikayatoa nikayatupa korongoni. Chungu kilikuwa kimeshikwa na mzizi, kikagoma, nikaukata mzizi kwa jembe na kukinyanyua kwa nguvu, kikamegeka mdomo. Nikakitia kwenye ndoo, kipo jikoni kwangu nyuma ya kuni, watu wanaingia kunywa chai na hawakijui. Nikatifua pote, nikapanda kunde, nikashukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Siku Mercy alipopita nilisimama pembeni ya shamba nikimtazama akizunguka pale asione kitu, na nilifurahi, Lea. Nilifurahi sana.

Neno moja tu lingetosha. Ungeandika "ni mimi, Shangazi," ningewapikia chai hao watu na kuwashika mkono mpaka kaburini. Wewe umeogopa spika, mimi nimeogopa mwizi, na kati yetu wawili tumemzika mama yangu mara ya pili.

Kesho narudisha mawe.

Faustina


Mbeya, 24 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, mara mbili, ya pili kwa ile salamu uliyoninyima.

Barua zote mbili nimezipata siku moja. Niliposoma habari za Sosthenes nilicheka mwenyewe, na niliposoma ya pili nililia mpaka Mama Atuganile akaleta uji bila kuuliza kitu. Lile neno la kuuza nalifuta. Ulivyosema kwamba nimekwenda mara chache, ni kweli.

Sasa nisikilize. Mawe peke yake hayatatusaidia. Mercy ameona mawe ya jana mengi mno huko, na yako yatakuwa ya jana pia. Lakini umesema chungu kilimegeka mdomo, na yeye aliokota kigae kimoja katikati ya kunde. Kiko kwenye mfuko, na mahali kilipolala pameandikwa. Chungu usikioshe, usikigundishe, usikiguse. Mercy nimemwandikia nikamweleza yote, yangu na yako. Hajajibu. Simlaumu, maana nilimdanganya, na mtu aliyedanganywa mara moja huhesabu vidole vyake akishikana mkono.

Akija, mpokee. Asipokuja, nitakuja mimi nisimame mbele ya greda.

Lea


Idodi, 4 Mei 2025

Mwanangu Lea,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene, na kamwene tena kwa ile niliyokunyima. Sisi ni wazima. Yule mbuzi pacha amejifunza kufungua mlango wa jikoni. Jofrey ameoa huko Pawaga, koti amelipata.

Mercy amekuja. Alikuja na dereva tu. Nilimpa chai kwa kuwa niliahidi, na sikumwondolea macho mpaka alipomaliza. Alikuwa mkavu. Akasema, "Mama, nimekuja kwa sababu Lea ameniomba, lakini sijakuja kuamini." Nikamwambia tuko wawili.

Nikatoa kuni, nikatoa chungu. Alikizungusha kwa mikono miwili, polepole, akatazama tundu la kitakoni, akatazama masizi. Halafu akafungua mkoba, akatoa kile kigae, akakisogeza kwenye mdomo pale palipomegeka. Kikakaa. Hakukisukuma wala hakukigeuzageuza, kilikaa kama jino kwenye ufizi wake. Yule dada alivua miwani akaifuta kwa kanga yangu, bila kuniomba.

Akasema, "Twende ukanionyeshe, Mama."

Nikampeleka mpaka kwenye mawe niliyoyarudisha. Mengine maji ya korongo yalikuwa yameshayachukua, nikaokota mengine, lakini nilikuwa nimeyapanga vizuri na kusali Salamu Maria juu yake kila Jumapili tangu Machi. Mercy akatoa kile kifaa chake, akakitazama, akaniacha pale, akatembea mpaka upande wa pili wa jiwe la kusagia. Akasimama. "Kigae nilikiokota hapa, Mama. Siyo hapo."

Nilikasirika. Nikamwambia, mwanangu, wewe ndiye wa kunionyesha kaburi la mama yangu? Hakubishana nami. Alisubiri tu. Nikaenda, nikang'oa mashina ya kunde, nikapiga magoti nikapapasa udongo kwa mikono. Nikaukuta mzizi, Lea. Ule mzizi niliokata kwa jembe, kidonda chake bado kipo. Nilikuwa nimetifua vizuri mno. Nilikuwa ninasali juu ya udongo mtupu. Nilimficha mama yangu na watu wote, mpaka nikamficha na mimi mwenyewe, na yule niliyemwogopa ndiye aliyekuwa amepima mahali pake. Nililia pale kama siku ile ya kuhama. Mercy alipiga magoti karibu yangu, suruali yake nzuri, udongo mwekundu.

Baada ya hapo akaomba chungu, eti wakakihifadhi makumbusho. Nikasema moyoni, ndiyo haya sasa! Nikamwambia kile chungu kina kazi. Alinielewa, akakipiga picha tu, na kigae akanirudishia. Uzio utazunguka jiwe na kaburi pamoja, na njia ya sisi kupita. Habari ya kazi yako anasema si yeye anayeamua, ila ataandika kwamba hukutunga kitu. Bado simwamini sana, kwa hiyo nilimfanya aandike mbele yangu na anisomee.

Mawe tumeyahamisha, mimi na yeye na dereva. Chungu sijakirudisha. Hicho sikigusi peke yangu tena, nakusubiri wewe.

Na kunde zile nimezivuna, gunia zima. Zilikaa ndani nikiziogopa. Nikamuuliza padri kama ni dhambi kula kunde zilizoota juu ya marehemu, na yeye akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia simkumbuki sana, lakini sikumbuki kulala njaa. Akasema basi umeshajijibu.

Kwa hiyo njoo. Tutakirudisha chungu, halafu tutainjika kunde palepale kwenye jiwe, tule mimi na wewe. Tangu tuhamishwe, jikoni kwa Anjela hapajawahi kuwaka moto. Kuni ninazo. Usinipigie simu kuniambia unakuja, wewe njoo tu.

Shangazi yako,
Faustina